Kaptura ya baiskeli ya shilingi 18,000: yafaa kununua?

Barani_Baiskeli

Asalam aleikum wapanda baiskeli wa Malindi na wa jirani. Naomba ushauri wa wanaolijua hili jambo kabla sijatoa pesa.

Baiskeli ni ya lami, tairi za milimita 28, kiti ni kile kile kilichokuja nayo. Katikati ya wiki ni Mambrui na kurudi. Jumapili ni Malindi, Gede, Kilifi na kurudi, yaani kama kilomita 120. Kaptura niliyo nayo ni ya shilingi 1,800 na sponji lake ni nene kweli kweli, ukilishika mkononi waona hapa hapana kuumia. Lakini nikifika Matsangoni makalio yanawaka, kulia zaidi ya kushoto, na jioni vipele vimeshatoka pale paja linapokutana na kinena.

Duka moja la Mombasa lina kaptura ya Italia yenye kanda za mabegani kwa 18,000. Hapo hapo ipo nyingine ya 6,500. Nilipozilinganisha, sponji la ile ghali ni jembamba kuliko langu! Sasa nalipia nini hasa? Na kwa joto letu la kaskazi, zile kanda si zitanipika?

Sponji_na_Uzi

Waaleikum salam ndugu yangu. Unene wa sponji si kipimo, na wengi wanauziwa unene. Kinachobeba mtu ni jinsi sponji lilivyoshindiliwa. La kaptura rahisi huwa na kilo 40 hadi 60 hivi kwa mita moja ya ujazo. La safari ndefu hufika kilo 80 mpaka 120. Lile jepesi likipata uzito wa mtu mzima pale kwenye mifupa miwili ya kukalia, linalala bapa. Mfupa unagusa kiti kana kwamba hukuvaa kitu. Wakati huo huo sponji la katikati, ambalo halikukandamizwa na mfupa, linabaki limevimba na kusukuma nyama laini katikati ya miguu. Kwa hiyo palipotakiwa kubebwa hapakubebwa, na pasipotakiwa kubanwa pamebanwa.

Ukirudi dukani fanya hivi. Shika sponji pale panene zaidi, kati ya kidole gumba na cha shahada, ukaze kwa nguvu. Vidole vikikaribia kukutana, hilo ni la kwenda Mambrui tu. Likikushikilia, liachie na uangalie: linatakiwa kurudi papo hapo bila kubaki na shimo. Halafu lipapase lote. Sponji la maana halina unene mmoja. Chini ya mifupa ni milimita 10 hadi 14, kuelekea pembeni linapungua polepole mpaka 3 au 4, na katikati lina mfereji au sehemu iliyopunguzwa. Lenye jeli usilikimbilie. Jeli haipitishi hewa, hushika joto, na kwa Malindi joto ndilo adui nambari moja.

Sasa igeuze ndani nje, maana vipele vyako viko huku. Tazama ukingo wa sponji. Kwenye kaptura nyingi za bei ya chini ukingo umekatwa wima kama ukingo wa godoro, halafu umeshonwa kwa mshono mnene. Ukingo huo unakaa sawasawa pale paja linapokutana na kinena, na kila ukikanyaga pedeli unapasugua. Kwa mwendo wa kawaida miguu inazunguka mara 80 au 90 kwa dakika. Kwa saa moja ni mara 4,800 au zaidi. Ngozi yenye jasho haivumilii. Unachotafuta ni ukingo uliokonda mpaka ukawa kitambaa kitupu, mshono bapa usioinuka ukiupitishia kucha, na uzi wa zigizaga kuzunguka sponji lote. Kaptura yenye mshono wowote unaopita katikati, mahali pa kukalia, iache hapo hapo.

Kitambaa kivute kwa mikono miwili mbele ya dirisha. Ukiona mwanga mwingi umepenya, ukiinama barabarani wanaokufuata wataona zaidi ya walivyotaka, na nyuzi za mpira zitakatika mapema. Kitambaa cha kudumu ni cha gramu 180 hadi 240 kwa mita ya mraba.

Kuhusu bei. Kutoka 1,800 kwenda 6,500 unanunua sponji tofauti, mshono tofauti na kitambaa tofauti. Hiyo hatua ni kubwa na utaihisi kabla ya kufika Gede. Kutoka 6,500 kwenda 18,000 unanunua ukataji bora zaidi, kitambaa chepesi kinachokauka upesi, pia ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, nauli ya mzigo na jina. Kuna nafuu, lakini ni ndogo. Mimi ningechukua mbili za 6,500. Sababu ni unyevu wetu: kipindi cha masika sponji la milimita 12 likifuliwa jioni asubuhi bado lina maji ndani, na kuvaa sponji bichi ni kujitafutia vipele. Ukiwa na mbili, moja inakauka huku nyingine iko kazini. Hiyo 5,000 inayobaki iweke kwa ajili ya kiti.

Kanda za mabegani hazipiki mtu zikiwa za wavu. Zinaondoa ule mpira wa kiunoni unaokata tumbo ukiinama, na zinazuia sponji kuteremka. Ubaya wake ni mmoja: ukitaka kwenda haja unaanza na shati.

Na chini ya kaptura usivae chupi. Mishono ya chupi na pamba iliyolowa jasho inaharibu kazi yote ya sponji.

Fundi_Ngala

Kaka, kabla ya kaptura, kuna neno moja umeliandika ukalipita: kulia zaidi ya kushoto. Kaptura haiumizi upande mmoja. Hilo ni la kiti.

Anza na kiti chenyewe. Shuka, simama nyuma ya baiskeli, chuchumaa macho yalingane na kiti. Reli za chini, vile vyuma viwili vinavyobeba kiti, zikiwa zimepinda, upande mmoja utauona uko chini; kiti hicho hakinyooshwi, kinabadilishwa. Kikiwa sawa, weka pimamaji juu yake, baiskeli ikiwa sakafu tambarare. Ncha iwe sawa na nyuma, au iteremke kidogo sana, digrii 2 basi. Ncha ikielekea juu inabana mbele. Ikiteremka mno unateleza na kujisukuma kwa mikono, na huo msuguano ndio unaochuna.

Urefu: simama peku, mgongo ukutani, kitabu kigumu kati ya miguu ukipandishe mpaka kibane kama kiti kinavyobana. Pima kutoka sakafuni hadi mgongo wa kitabu, kisha zidisha kwa 0.883. Ukipata sentimita 82, ni 72.4. Huo ndio umbali wa kutoka katikati ya ekseli ya kwenye fremu, ile inayozungusha mikono ya pedeli, mpaka juu ya kiti, ukipima kufuata bomba la kiti. Ni pa kuanzia tu. Mwambie mtu akufuate nyuma akitazama kiuno chako. Kikicheza kushoto kulia, kiti kiko juu mno, na mtu ambaye mguu mmoja ni mfupi kidogo huangukia upande mmoja kila akikanyaga. Shusha milimita 3 hadi 5, uende siku mbili tatu, utazame tena. Usishushe sentimita mbili kwa mpigo, utahamishia maumivu magotini.

Upana ndio wengi hawaujui. Chukua kipande cha katoni yenye mawimbi ndani, weka juu ya ngazi ya saruji, kalia ukiwa na nguo nyepesi, inua visigino na uiname mbele kama umeshika usukani. Kaa nusu dakika. Ukinyanyuka utaona mashimo mawili. Pima katikati ya shimo hadi katikati ya shimo. Watu wazima wengi wanaangukia kati ya milimita 100 na 150. Ongeza 20 hadi 30, upate upana wa kiti kinachokufaa. Kiti kikiwa chembamba kuliko mifupa, hata kaptura ya 50,000 itakaa hewani pale unapoihitaji.

Jingine ni upepo wa tairi. Nawaona wengi na tairi za 28 wamejaza presha 110, halafu wanalaumu sponji. Mtu wa kilo 70 hadi 75, presha 70 hadi 80 inatosha kwa lami yetu, nyuma juu kidogo kuliko mbele. Hiyo ni dawa ya bure.

Kilomita200

Nakubaliana na wote wawili, isipokuwa pale Sponji_na_Uzi aliposema nafuu ya ile ya 18,000 ni ndogo. Ni ndogo kwa saa tatu. Saa ya sita ni habari nyingine. Sponji la bei ya kati likishapata joto la mwili na jasho kwa muda mrefu linalegea, na kitambaa kizito kinabaki kimelowa chumvi. Mtu wa kwenda Mombasa na kurudi siku moja, kilomita kama 240, tofauti ile haimwachi bila kuihisi. Kwake yeye ni pesa halali.

Lakini hata huyo asinunue kwa jina. Castelli ni ya Italia, Assos ya Uswisi, Rapha ya Uingereza, zote ni kazi nzuri, na umbo la sponji la kila moja si sawa na la mwenzake. La mmoja liko nyuma zaidi, kwa anayekaa wima. La mwingine limesogea mbele, kwa anayelalia usukani. Ivae dukani na uiname kama uko kwenye baiskeli. Ukiwa umesimama inatakiwa ikuvute mabegani na ikubane, karibu uone ni ndogo. Ukiinama ndipo inakaa mahali pake. Ikikukaa vizuri umesimama, barabarani itakunjamana, na sponji lililokunjamana linachubua kuliko kutokuwa na sponji. Zile za China nazo namba zake ni ndogo: pima kiuno na paja kwa futi ya fundi cherehani, ufuate sentimita, usifuate herufi ya kwenye lebo.

Kwa Barani_Baiskeli na Kilifi yake ya kila Jumapili, uko mpakani. Kwa anayeendesha Black Mamba ya mizigo, amekaa wima kwenye kiti kipana cha springi, kaptura hizi zote hazimhusu.

Bi_Muyeye

Nina mawili matatu, hasa kwa kina dada wanaosoma kimya.

Sponji la mwanamke si la mwanamume lililopakwa rangi nyingine. Mifupa ya kukalia ya mwanamke mara nyingi imeachana zaidi, kwa hiyo sponji ni pana nyuma na fupi mbele, na ule mfereji wa katikati wa kiume unaweza kumletea mshono mahali pabaya. Akina dada wengi wa hapa wanaendesha kaptura za kaka zao, halafu wanasema baiskeli imewashinda.

La stara: vaa juu yake suruali nyepesi ya nailoni iliyo pana, au tracksuti isiyo na mshono mnene katikati ya miguu. Jinzi hapana, pamba nzito hapana. Dera likunje vizuri ulifunge mbali na mnyororo. Wanaume nao wanaopita mjini au wanaotaka kuingia msikitini, kikoi kikavu kwenye mfuko wa mgongoni ni lazima, na kina faida ya pili nitakayoisema sasa hivi.

Vipele. Vinatokana na vitu vitatu vikikutana: shinikizo, msuguano na unyevu. Vinyweleo vinaziba na bakteria wanaingia. Barabarani huwezi kukwepa yote, lakini ukishafika unaweza kukata unyevu. Kosa kubwa ni kumaliza safari na kukaa saa nzima na kaptura iliyolowa, mahamri na chai mbele yako. Vua mara moja, jifute, funga kikoi, ndipo unywe chai. Nywele za kinenani usinyoe kwa wembe kabla ya safari, zipunguze kwa mkasi. Wembe unafungua milango midogo midogo kwenye ngozi. Ukiona kipele chenye usaha usikikamue. Pumzisha siku mbili tatu, safisha kwa maji na sabuni laini, acha pakauke. Kikiwa kigumu kama jipu, kikizidi kukua au ukapata homa, nenda hospitali. Usikifunike kwa sponji jipya.

Na ganzi ni jambo jingine, msiichanganye na uchungu. Sehemu za siri zikifa ganzi maana yake neva na mishipa ya damu vimebanwa, na hapo hakuna kaptura inayotibu. Rekebisheni kiti kama alivyosema Fundi_Ngala, na kila dakika 10 hadi 15 simama kwenye pedeli kwa sekunde 15.

Barani_Baiskeli

Shukrani sana, wallahi nimefaidika. Nimefanya ile ya katoni: milimita 128. Kiti changu nyuma palipo pana zaidi ni 130 kamili, na reli ya kulia imeshuka kidogo. Kwa hiyo kiti kwanza. Nimepiga hesabu, kiti na kaptura mbili za 6,500.

Maswali mawili ya mwisho. Nyumbani tuna maji ya kisima, yana chumvi. Yataharibu kaptura? Na mafuta ya kupaka, Vaseline au ya nazi, yapi bora?

Sponji_na_Uzi

Maji ya kisima fulia ukikosa mengine, lakini suuza la mwisho liwe la maji matamu, ya mfereji yanayoletwa kutoka Baricho au ya mvua uliyokinga. Chumvi ikikaukia ndani ya sponji inabaki chembe chembe, na kesho zinasugua ngozi. Lita 5 kwa kaptura moja zinatosha.

Ifue siku hiyo hiyo, usiiache kwenye begi mpaka Jumatatu. Igeuze ndani nje. Maji baridi au ya vuguvugu, yasizidi digrii 30, sabuni ya maji kidogo kwa mkono. Loweka dakika 10, kamua sponji kwa viganja ukilibonyeza, usilisokote. Kusokota kunavunja sponji na kukata uzi wa zigizaga. Jiki usiiguse kabisa, inakula nyuzi za mpira. Dawa ya kulainisha nguo, ile ya harufu nzuri, nayo inaacha utando unaoziba kitambaa kisinyonye jasho. Kisha izungushe ndani ya taulo kavu na uikanyage, taulo litavuta maji mengi kuliko utakavyokamua. Anika kivulini penye upepo, ndani ikiwa nje, sponji likitazama upepo. Jua letu la saa saba linachoma mpira na kitambaa kinaanza kung'aa na kulegea. Pasi, usithubutu.

Vaseline haiyeyuki kwa maji, kwa hiyo inabaki ndani ya sponji kila ukifua, mpaka sponji linaziba na kuwa gumu. Mafuta ya nazi ni hivyo hivyo, na zaidi yanachacha na kunuka. Ukikosa krimu ya wapanda baiskeli, ile inayotoka kwa maji, paka Vaseline kidogo sana kwenye ngozi tu, pale kwenye mkunjo wa paja, isifike kwenye sponji. Kitu chenye mentholi kwa safari ndefu ya joto usipake.

Za mitumba nimeona umezikwepa, umefanya vyema. Kitambaa chaweza kuwa kizima na sponji limekufa. Likunje mara mbili: pale pa mifupa pakiwa pembamba kuliko pembeni, au ukiona vumbi la njano likidondoka, limekwisha. Na huwezi kulichemsha kuua vijidudu bila kuliua lenyewe.

Fundi_Ngala

Kwa 128 tafuta kiti cha 150 mpaka 155. Mjini vipo vya baiskeli zilizotumika, kwa hiyo nenda na futi yako, usitegemee maandishi. Pima nyuma palipo pana zaidi, ukandamize kwa kidole gumba: ukitaka kutumia na kaptura yenye sponji, kiti kiwe kigumu kiasi. Sponji laini juu ya kiti laini ni mifupa kuzama na katikati kubanwa. Kagua reli zisiwe na kutu pale zinapoingia kwenye plastiki, ndipo zinapokatikia. Ukikifunga, boliti ile ni ya alenki namba 5 au 6. Kaza kidogo, endesha mwendo mfupi, kaza tena, maana reli hukaa vizuri zikishapata uzito. Kabla hujatoa kiti cha zamani, weka alama ya tepu kwenye bomba lake, na pima kutoka ncha ya kiti hadi usukani uandike. Kiti kipya kikiwa na kimo tofauti, rudia ile hesabu ya 0.883, usifuate tepu peke yake.